Tenda ya kukata nyasi makaburini: hesabu mawe kabla hujapanga bei

Tenda yangu ya kwanza ya makaburi niliipigia bei kama uwanja wa mpira. Nilienda saiti, nikatembea katikati kama dakika ishirini hivi, nikaona nyasi, nikapima ukubwa kwenye ramani ya simu, nikazidisha na bei yangu ya kawaida ya ekari, nikaongeza kidogo ya usumbufu, nikajaza fomu. Nikashinda. Na nilishinda kwa mbali, yani kati ya bei yangu na ya aliyenifuata ungeweza kupitisha lori, na badala ya kushtuka mi nikafurahi. Siku ya kwanza ya kazi mashine kubwa ilimaliza sehemu yake kabla ya saa sita mchana, alafu vijana wawili wenye mashine za uzi (zile za mkononi zinazokata kwa uzi wa nailoni unaozunguka) wakaendelea kuzunguka mawe mpaka giza likaingia, na kesho yake tukarudi kumalizia. Mkataba ulikuwa wa mwaka mzima.

Kwa hiyo naandika hii kwa mtu ambaye tayari anajua kukata nyasi, ana mashine au anafikiria kununua, na sasa ameona tangazo la tenda ya makaburi na anataka kujua aandike namba gani. Jibu fupi ni kwamba makaburini nyasi ni kazi ndogo. Kazi yenyewe ni mawe. Kila jiwe lina mzunguko wake ambao mashine kubwa haifiki, na mzunguko huo lazima mtu aufuate kwa mkono, na mtu huyo unamlipa kwa saa. Ekari mbili zenye ukubwa ule ule, moja ina mawe 80 na nyingine ina mawe 600, hizo ni kazi mbili tofauti kabisa hata kama kwenye ramani zinafanana.

Kwenda saiti

Usijaze tenda ya makaburi ambayo hujaitembea kwa miguu. Picha ya satelaiti inakupa ukubwa tu, na hata huo ukubwa unatakiwa utoe majengo, njia na maegesho, maana hulipwi kwa kukata lami. Chukua simu, daftari, futi ya kupimia, na ukiweza beba mtu wa pili.

Hesabu mawe. Najua inachosha, lakini sio lazima uhesabu moja moja mpaka mwisho, hesabu mistari kisha hesabu mawe kwenye mistari kadhaa upate wastani, alafu zidisha. Ila fanya hivyo kwa kila sehemu peke yake, kwa sababu karibu kila eneo la makaburi lina sehemu ya zamani na sehemu mpya na hazifanani hata kidogo. Sehemu mpya mistari imenyooka na nafasi inaeleweka. Sehemu ya zamani mawe yameinama, mengine yamekaribiana mpaka mguu haupiti, kuna mizizi ya miti, kuna vyombo vya maua vilivyozama ardhini, kuna uzio wa chuma wa familia fulani uliozunguka makaburi matatu na ndani yake nyasi zimejaa na geti lina kutu halifunguki. Ile ya zamani inaweza kula muda mara mbili kwa kila jiwe.

Alafu sio mawe yote ni sawa na hapa ndo watu wengi wanakosea hata wakihesabu. Jiwe la kusimama lenye upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 15 lina mzunguko wa mita 1.5. Kaburi lililojengewa kingo za zege, mita 2 kwa mita 1, lina mzunguko wa mita 6. Hilo moja ni sawa na mawe manne ya kusimama. Ukikuta eneo lenye makaburi ya kingo 300 na we umeandika "mawe 300" kwenye daftari, umejidanganya kazi ya mawe 900. Mi siku hizi naandika aina tatu: ya kusimama, ya kingo, na vibao vilivyolala.

Vibao vilivyolala ardhini ni habari nyingine. Mtindo huu uliwekewa msukumo mkubwa Marekani na Hubert Eaton wa Forest Lawn kule Glendale, California, kuanzia 1917, ambaye alitaka makaburi yaonekane kama bustani pana na sio msitu wa mawe, na kwa sisi wakataji alitufanyia jambo la maana kwa sababu mashine inapita juu. Kukata ni haraka karibu kama uwanja. Lakini usiweke bei ya uwanja, maana nyasi zinatambaa juu ya kibao pole pole na mara kadhaa kwa mwaka lazima mtu apite na kisu au jembe dogo akate kingo, kibao kwa kibao. Hiyo kazi iandike kama mstari wake peke yake kwenye bei. Na angalia kama vibao vimezama au vimenyanyuka upande mmoja, kisu cha mashine kikigonga kibao cha shaba utasikia mlio ambao hutausahau na bili yake pia hutaisahau.

Pima nafasi kati ya mistari. Mashine yako ya kukalia ikiwa na upana wa mita 1.2 na nafasi kati ya mawe ni mita 1.3, usijipe moyo kwamba inapita. Inapita siku moja, siku ya pili dereva amechoka na jiwe limechubuka. Mi nataka angalau sentimita 15 kila upande, chini ya hapo nahesabu sehemu hiyo kama ya mashine ya kusukuma. Na kama hujanunua mashine bado, ndo sababu nzuri ya kutembea saiti kwanza na kununua baadaye.

Tazama ardhi pia. Makaburi yanazama, udongo ulioshindiliwa vibaya unashuka miezi au miaka baada ya mazishi na gurudumu la mbele linaingia. Mteremko nao: mashine nyingi za kukalia watengenezaji wanaandika mwisho nyuzi 15, yani kama asilimia 27, sasa ukiona kilima kimezidi hapo hiyo sehemu ni ya kusukuma au ya uzi na bei yake ni nyingine, usimpeleke kijana wako juu kule kwa sababu unataka kushinda tenda.

Piga stopwochi

Hii ndo hatua iliyonisaidia kuliko zote na inakula nusu saa tu. Kama una mashine ya uzi na wenye eneo wamekuruhusu, zunguka mawe 20 kwenye sehemu mpya, mawe 20 sehemu ya zamani, na makaburi ya kingo 10, huku mtu anapima muda, ikiwemo kutembea kutoka jiwe moja kwenda lingine. Sio kwa spidi ya kumwonyesha mtu, kwa spidi ya saa tisa alasiri baada ya kula. Kama hukuruhusiwa kuwasha mashine, jipime kwenye eneo lingine linalofanana. Namba utakayopata ni yako, usichukue ya mtu, maana inategemea mashine, mtu, na nyasi zenyewe. Ila kwa kukupa picha tu, mimi kwa mawe ya kusimama yenye mpangilio mzuri huwa nacheza kwenye sekunde 20 hadi 30 kwa jiwe.

(Mashine ya uzi yenyewe ni kitu cha juzi. George Ballas wa Houston aliibuni mwaka 1971 baada ya kuangalia brashi za nailoni zinavyozunguka kwenye mashine ya kuoshea magari. Kabla ya hapo kando ya jiwe ilikuwa ni mkasi na magoti. Nikiwaza bei ya mkasi na magoti kwa mawe 1,000 nanyamaza.)

Mfano wa hesabu nzima

Tuchukue eneo ambalo ukishatoa njia na majengo linabaki na ekari 3 za nyasi, yani kama mita 12,000 za mraba. Mawe ya kusimama 1,100. Uzio na kando za njia vinahitaji uzi pia.

Kukata kwa mashine: upana mita 1.2, spidi kilomita 6 kwa saa, kwa hesabu ya darasani hiyo ni mita 7,200 za mraba kwa saa. Hakuna anayepata hiyo. Kuna kugeuka, kuna kupishanisha mstari juu ya mstari, na uwanja wazi ukipata asilimia 80 umefanya vizuri. Makaburini kwenye mawe ya kusimama mimi nahesabu asilimia 40, yani kama mita 2,900 za mraba kwa saa. Kwa hiyo 12,000 ugawe kwa 2,900 unapata masaa 4 na kidogo, tuseme 4.2.

Mawe: 1,100 mara sekunde 25 ni sekunde 27,500, ambayo ni masaa 7.6. Ona sasa. Mawe yamekula karibu mara mbili ya muda wa kukata, na hapa nimechukua mawe rahisi.

Uzio na kando za njia saa 1.2. Kuokota taka, maua makavu na waya kabla ya kuanza saa 1. Kupuliza nyasi zilizokatwa zitoke juu ya mawe na njia saa 1. Jumla masaa 15 ya mtu. Ongeza asilimia 10 ya kujaza mafuta, kubadilisha uzi, kunywa maji, ni 1.5. Alafu safari: watu watatu, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, hayo ni masaa 3 ya mtu, na ndiyo, unayalipa. Tunafika 19.5, mi naandika 20.

Hiyo ya kuokota taka usiipuuze. Mashada ya maua yana waya ndani, waya ukijizungusha kwenye shafti ya kisu umepoteza saa nzima na labda beringi. Na kwenye makaburi kila unachookota kina mwenyewe, kwa hiyo uliza mapema kabisa nani ana mamlaka ya kusema hiki ni taka na hiki ni kumbukumbu, na jibu liandikwe. Wanasesere, taa, picha, chupa, vyote. Kijana wako akitupa kitu kilichowekwa na mama kwa mtoto wake, hakuna bei inayofidia hiyo.

Sasa hela. Sitaki kuandika hela ya nchi yoyote kwa hiyo tutumie pointi, saa moja ya mtu mmoja ikugharimu pointi 100, na ninaposema ikugharimu namaanisha mshahara pamoja na kila kitu kinachofuatana nao, makato ya mwajiri, bima ya mfanyakazi, siku za kuumwa, nguo na viatu vya kazi. Masaa 20 ni 2,000.

Mashine: hapa watu wanahesabu mafuta peke yake na kusahau kwamba mashine inakufa. Ukinunua kwa 60,000 na unategemea kuiuza kwa 12,000 ikishafanya masaa 1,500, basi imekula 48,000, gawa kwa 1,500, kila saa ikiwashwa inakula 32 hata kama haijaharibika. Weka mafuta 40 na sevisi na visu 18, unapata 90 kwa saa. Kwa masaa 4.2 ni kama 380. Mashine za uzi, nyuzi zake na blowa (mashine ya kupulizia nyasi) kama 130, gari 90. Jumla 600.

Tuna 2,600. Ongeza gharama za ofisi, yani simu, leseni, bima ya dhima (ya kulipia madhara unayowasababishia wengine), mhasibu, muda wako wewe wa kuandika hizi tenda ambazo nyingi utakosa, kwangu inakuja kama asilimia 20, kwa hiyo 520. Sasa 3,120 ndo gharama halisi ya kukata mara moja. Chini ya hapo unalipa ili ufanye kazi.

Faida sasa, na naomba usome pole pole maana kosa hili nimelifanya miaka. Ukitaka faida ya asilimia 15, usizidishe 3,120 mara 1.15. Ukifanya hivyo unapata 3,588 na faida yako ni 468, ambayo ni asilimia 13 tu ya bei. Ukitaka asilimia 15 ya bei unagawa kwa 0.85, unapata 3,671. Tofauti ni pointi 83, inaonekana ndogo, lakini ukikata mara 26 kwa mwaka ni zaidi ya 2,100, yani mishahara ya safari nzima moja imepotea kwenye kikokotoo.

Mara ngapi kwa mwaka

Baada ya mawe hiki ndo kitu cha pili kinachoua bei. Kanuni ya wakataji wote ni kwamba usikate zaidi ya theluthi ya urefu wa jani kwa mara moja. Ukitaka nyasi zibaki sentimita 8, unakata zikifika 12. Sasa kama kwenye msimu wa kukua zinapanda sentimita 3 kwa wiki, zinafika 12 siku ya tisa au ya kumi. Tenda inasema kila siku 14. Siku ya 14 ziko 14, unakata 6, hiyo ni asilimia 43, mashine inaacha mafungu, nyasi mbichi zinaganda juu ya mawe, unapita mara mbili, blowa inafanya kazi mara mbili, na bei yako ilikuwa ya kupita mara moja.

Kwa hiyo soma ratiba waliyoandika na uilinganishe na ukuaji wa nyasi wa eneo lile mwezi kwa mwezi. Kama ratiba yao ni hafifu, weka bei ya kila ukataji inayobeba ule ugumu, au uliza kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho ya maswali kama wataongeza safari miezi ya ukuaji na kupunguza miezi mikavu. Wengi wanakubali kwa sababu idadi kwa mwaka inabaki ile ile.

Na bei ya msimu mzima au bei kwa kila safari? Mi napenda kwa kila safari. Bei ya msimu mzima wenye eneo wanaipenda kwa sababu bajeti yao inatulia, lakini ukiikubali wewe ndo umebeba hali ya hewa mgongoni, kwa hiyo lazima mkataba useme idadi ya juu ya safari na bei ya kila safari inayozidi. Ikiwa haisemi, usisaini ukitegemea ukame.

Maneno ya kutafuta kwenye karatasi za tenda

Karatasi nyingi zinachosha lakini kuna sehemu chache zenye hela ndani. Ya kwanza ni uzi: je, kuzunguka mawe ni kila safari au safari moja moja? Kwenye mfano wetu mawe ni masaa 7.6 kati ya 20, sasa kama ni kila safari ya pili bei inabadilika sana, na kama karatasi iko kimya basi uliza, usidhani. Ukitaka kupendekeza nafuu hiyo wewe mwenyewe, jaza kwanza bei ya kile walichoomba, alafu weka pendekezo lako kama chaguo la pembeni. Ukibadilisha fomu yao wanakutupa nje bila hata kusoma namba.

Ya pili ni dawa. Kuna washindani ambao bei yao iko chini kwa sababu moja tu, wanapuliza dawa ya kuua nyasi kuzunguka kila jiwe na hawatumii uzi tena msimu mzima. Inaonekana nadhifu wiki tatu. Alafu udongo unabaki wazi, mvua inarusha matope juu ya jiwe, udongo unaoshwa, jiwe linaanza kuinama, na mawe yenye vitundu vidogo kama ya mchanga yananyonya hizo kemikali. Uliza kwenye kikao cha saiti, mbele ya wote, kama dawa inaruhusiwa kuzunguka mawe. Swali hilo peke yake mara nyingine linasawazisha bei za watu wote.

Ya tatu ni mazishi. Wafiwa wakifika mashine zinazimwa, hilo halina mjadala na halihitaji kuandikwa na mtu, unazima na vijana wanavua kofia na kusogea mbali. Lakini watu watatu wakisubiri masaa 2 hayo ni masaa 6 ya mtu, asilimia 30 ya kazi yote ya mfano wetu. Kwa hiyo mkataba useme watakupa taarifa ya mazishi siku moja kabla, na wewe upange ukiwa na sehemu ya mbali ya kufanya kazi, au usogeze siku bila kupigwa faini ya kuchelewa.

Ya nne ni uharibifu. Hapa soma kwa makini nani analipa nini na kama bima wanayotaka unayo kweli. Kabla ya safari ya kwanza tembea na mwakilishi wao, piga picha kila jiwe lililopasuka, lililoinama, lililochubuka, picha zenye tarehe, na muwekeane saini. Mi nilishawahi kudaiwa ufa ambao ulikuwa na ukungu wa kijani ndani, ukungu ambao haukuota wiki ile, lakini sikuwa na picha. Nililipa. Gharama ya siku hiyo ya picha iweke kwenye bei kama kazi ya kuanzia.

Na kupunguza uharibifu kuna gharama yake ndogo ambayo inafaa uiandike kwenye barua yako ya tenda maana inauza: uzi mwembamba badala ya mnene karibu na mawe laini kama marumaru na mawe ya chokaa, mashine kubwa haisogei ndani ya sentimita 30 za jiwe, mpira wa tairi la zamani umefungwa kuzunguka kingo za mashine, na mdomo wa kutolea nyasi haugeuzwi kuelekea mawe. Wenye makaburi wanachoogopa ni simu ya familia yenye hasira, kuliko hata nyasi ndefu. Ukiwaonyesha umelifikiria hilo, wakati mwingine hata kama we sio wa bei ya chini kabisa wanakupigia.

Vingine ni vya kupitia haraka tu. Dhamana ya zabuni (hela au barua ya benki ya kuthibitisha hutaikimbia tenda) kama inatakiwa, nyongeza zote za karatasi za tenda ziwekewe saini, na namba zihakikiwe, maana mara nyingi bei ya kipande (yani ya safari moja) na jumla zikigongana wanachukua ya kipande, na ukiwa umekosea sifuri moja hapo ndo utajua.

Malipo yanafika lini

Bei nzuri ikilipwa kwa kuchelewa inaweza kukufunga biashara. Tuseme unapeleka ankara mwisho wa mwezi na wanalipa baada ya siku 45. Ukataji wa mwanzo wa mwezi unasubiri siku 75. Ndani ya siku 75 kwa ratiba ya wiki mbili umeshakata mara 6 ukihesabu na ile ya kwanza, mara 2,600 ni pointi 15,600 zimetoka mfukoni kwako kabla hela ya kwanza haijaingia. Unayo? Kama huna, omba ankara kila wiki mbili, au weka gharama ya mkopo ndani ya bei, au iache tenda hiyo. Nimeacha mbili kwa sababu hii na sijutii.

Kuandika namba ya mwisho

Kama ni taasisi ya umma, uliza bei iliyoshinda mara iliyopita, sehemu nyingi hiyo ni taarifa ya wazi. Usiinakili. Itumie kujihoji: kama bei yako iko chini sana ya ile ya zamani, rudi kwenye daftari, kuna kitu umesahau, na mara nyingi ni mawe au safari. Kama iko juu sana, angalia kama yule wa zamani alikuwa anapuliza dawa, au kama alikimbia kazi katikati ya mwaka. Mlinzi wa getini au mchimba makaburi atakuambia hayo yote bure ukimsalimia vizuri na kukaa naye kidogo, na atakuambia pia sehemu gani inajaa maji.

Kwa kamati ndogo za makaburi ambazo hazina hata fomu ya tenda, mambo ni tofauti kidogo. Wana kiasi fulani kwenye akaunti na hakiongezeki. Usiwape namba moja wakakataa, wape tatu: kila kitu kila safari, kukata kila safari na mawe kila safari ya pili, na ya tatu ya msingi ambapo sehemu ya zamani inakatwa mara chache kwa mwaka. Andika wazi kila moja itaonekanaje, kwamba kwenye ile ya tatu nyasi za sehemu ya zamani zitafika magotini, ili mtu asije kulalamika mwezi wa nne. Kushusha bei bila kupunguza kazi usifanye. Ukishusha mara moja bila kutoa kitu wanajua ile ya kwanza ulikuwa unawapima.

Na ukishashinda, safari tatu za kwanza andika muda wa kila kitu kwenye daftari, mashine peke yake, mawe peke yake, taka peke yake, kwa kila sehemu. Utakuta umekosea mahali, kila mtu anakosea, lakini sasa unajua ni sekunde 25 au 33 na tenda inayofuata unaingia na namba zako mwenyewe.

Weka pia kifungu cha mawe mapya. Makaburi ni eneo pekee ninalokata ambalo kazi inaongezeka yenyewe wakati ukubwa haubadiliki. Mkataba wa miaka mitatu unaanza na mawe 1,100, na kila mwezi kuna mapya, na kaburi jipya kabla halijapata jiwe lina tuta la udongo ambalo mashine inalizunguka kwa tabu zaidi kuliko jiwe lenyewe. Mi naandika idadi ya mawe ya siku ya kusaini, na kwamba kila mwaka tunahesabu pamoja na bei inapanda kwa kila jiwe lililoongezeka. Mara ya mwisho tulipohesabu pamoja na msimamizi tulianza saa mbili asubuhi, yeye upande wake na mimi upande wangu, tukatofautiana mawe manne, tukarudi kuyatafuta, yalikuwa yamefunikwa na nyasi kwenye kona ambayo vijana wangu walikuwa wanairuka.